Beryl Markham, msichana wa Njoro aliyetua kwa pua

Mhariri aliniomba niandike juu ya mtu mashuhuri wa kwetu aliyekwisha kufariki, akaniomba pia nisilete mwanasiasa maana tumeshawamaliza wote. Mimi mtu wa uhandisi, siasa hata sina habari nayo, basi nimechagua rubani. Na huyu rubani sikumtafuta mimi, alinijia mwenyewe Jumamosi moja pale Virginia, kile kiwanja kidogo cha ndege cha ufukweni huku Durban North, ambako huwa naenda kumsaidia fundi mmoja mzee na kujifunza mambo ambayo darasani Howard College huyapati.

Siku hiyo tulikuwa na ndege ya mafunzo, ya viti 2. Kwa nje inang'aa. Tulipoondoa kifuniko cha injini, mzee akaniita nione lile bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani. Chini, pale mguu wa mbele unapofungwa, bati lilikuwa limejikunja kama shati lisilopigwa pasi. Hapo huhitaji mpelelezi. Mtu ametua kwa kishindo, ndege ikadunda, naye kwa woga akasukuma usukani mbele, gurudumu la pua likapiga lami kabla ya yale ya nyuma. Tukafungua daftari la ndege: hakuna neno. Aliyefanya hivyo alishuka, akafunga mlango, akaenda zake.

Mzee hakufoka. Aliniuliza tu kama kwetu Kenya (kwake yeye Afrika Mashariki yote ni Kenya, nimechoka kumrekebisha) hatukuwa na yule mwanamke aliyetua kwa pua kwenye tope huko Kanada. Nikamwambia ndiyo, tulikuwa naye. Kusema kweli nilikuwa nalijua jina tu. Nikarudi chumbani nikaanza kusoma.

Beryl Clutterbuck alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 kijiji cha Ashwell, Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi. Mwaka 1906 familia ilikuwa imeshafika Njoro, kule juu ya Bonde la Ufa, baba anafyeka msitu, anajenga kinu na mazizi. Mama yake hakuyaweza maisha yale, akarudi Uingereza na mtoto mwingine, wa kiume. Beryl akabaki na baba, na kwa kuwa baba alikuwa kazini tangu alfajiri, mtoto akalelewa na shamba lenyewe: wachunga farasi, mbwa, na watoto wa Kinandi na Kipsigis waliokaa pale. Alijifunza Kiswahili na lugha yao, akajifunza kurusha mkuki, akatembea peku. Aliwahi kurukiwa na simba aliyefugwa na jirani akabaki na makovu. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa akawa arap Ruta.

Hapa naomba tusidanganyane. Hadithi hii hupendwa sana na Wazungu kwa sababu ni tamu, mtoto mweupe na mtoto mweusi wanakimbia porini pamoja. Lakini ardhi ile ilikuwa imechukuliwa, na walipokuwa watu wazima mmoja akawa memsabu na mwingine akawa mtumishi wake. Arap Ruta alimfuata kwenye farasi, kisha kwenye ndege, akiosha na kulinda mashine ambayo hakuna aliyefikiria kumfundisha kuirusha. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana namsifu bila kuona.

Ukame wa baada ya vita vya kwanza ulimfilisi baba. Akauza shamba akaenda Peru. Beryl, akiwa hajafika hata miaka 20, tayari ameshaolewa na ndoa inayumba, akachukua leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza kuipata huko. Mwaka 1926 farasi wake jike, Wise Child, alishinda mbio za St Leger Nairobi. Farasi huyu alikuwa na miguu mibovu, kano zake zilishaharibika kwa mafunzo mabaya ya huko nyuma. Beryl alimlea wiki kwa wiki, akipima kwa mkono mguu unabeba kiasi gani leo na utabeba kiasi gani kesho. Mimi nilipofika hapo nikaweka kitabu chini nikacheka. Huyu mtu alikuwa anafanya kazi yangu ya utafiti, tofauti ni kwamba mimi natumia kompyuta.

Basi, tuje kwenye ndege. Nairobi ya mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imeshikwa na homa ya ndege ndogo za mbao na turubai. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mjane mwenye shamba, alianzisha Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black. Jina la mama huyo ndilo lililobaki kwenye kiwanja cha Wilson. Lakini homa hiyo ilikuwa inaua. Maia Carberry, mke wa John Carberry wa Nyeri, alikuwa rubani hodari, naye aliangukia Nairobi Machi 1928 akiwa anamfundisha mwanafunzi, wakafa wote wawili. Kumbukeni hilo jina la Carberry, litarudi.

Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl, na alimfundisha kwa ukali. Injini aijue kwa vidole vyake mwenyewe. Mei 1931, akiwa bado mwanafunzi, Denys Finch Hatton, yule mwindaji ambaye wengi mmemwona kwenye sinema, alimwalika waruke pamoja kwenda Voi kutafuta tembo kwa ndege yake ya Gipsy Moth. Campbell Black akamsihi asiende. Akabaki. Finch Hatton akaondoka na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Walifika kwanza pwani, Vipingo, na katika kutua kipande cha jiwe la matumbawe kikapasua propela. Ikaletwa nyingine kutoka Nairobi, ikafungwa, safari ikaendelea. Asubuhi ya tarehe 14 Mei waliruka kutoka Voi, ndege ikazunguka mara moja mbili, ikaanguka na kuwaka moto. Finch Hatton ana mnara wake Ngong. Kamau katika vitabu vingi ana mstari mmoja.

Siku hizi propela ikigonga kitu injini ikiwa inazunguka, fundi mwaminifu habadilishi propela tu. Anafungua injini, kwa sababu pigo lile halikuishia kwenye mbao, limepita kwenye mhimili mzima unaozungusha propela hadi ndani. Sisemi kwamba hilo ndilo lililowaua Voi. Moto ulikula kila kitu na chanzo hakikuthibitishwa kamwe. Nasema tu kwamba pigo halikai pale lilipoingilia, linasafiri.

Na kwa sisi tulio huku Natal kuna jambo linaloniumiza zaidi. Siku 9 tu kabla ya Voi, tarehe 5 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Puss Moth iliyokuwa inatoka Johannesburg kuja upande huu ilivunjika angani juu ya milima ya Drakensberg, karibu na Van Reenen. Ukipanda basi la usiku kwenda Johannesburg unapita hapohapo, kwenye ile miteremko ambayo dereva anapunguza gia na abiria wanaamka. Alikufa Glen Kidston, tajiri wa Kiingereza aliyeshinda mbio za magari za Le Mans mwaka 1930, mtu aliyenusurika kwenye meli iliyopigwa torpedo na kwenye ajali ya ndege ya abiria mwaka 1929. Pamoja naye alikufa Tony Gladstone, ambaye sisi ndio tungepaswa kumkumbuka, kwani alipigania njia ya ndege ya Khartoum hadi Kisumu katika miaka ya 1920. Puss Moth zingine nazo zilivunjika mabawa angani, Australia na kwingineko, ndipo ikajulikana kwamba nguzo za kushikilia bawa zilikuwa dhaifu kwenye hewa yenye misukosuko, zikaongezewa nguvu. Watu wakafa kwanza, nguzo zikaja baadaye.

Huo ndio mwezi ambao Beryl alikuwa anajifunza kuruka. Juni 1931 akaruka peke yake kwa mara ya kwanza. Mwaka 1932 alichukua kindege chake cha Avro Avian akaenda Uingereza peke yake, kwa vituo. Mwaka 1933 akapata leseni ya biashara, mwanamke wa kwanza Kenya, na leseni hiyo si ya kurusha tu, lazima uvue injini uisafishe na uirudishe mbele ya mtahini. Kazi ikaanza: barua, abiria, madaktari, wachimba dhahabu. Aliruka usiku kupeleka oksijeni kwa mgonjwa Nungwe. Wapwani mniwie radhi, si ile Nungwi ya watalii Unguja, ni Nungwe ya kwetu Kanda ya Ziwa, upande wa Geita.

Kazi iliyomlipa zaidi ilikuwa kutafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji kama Bror Blixen. (Kama mnaona aibu kwa tembo wale, hata mimi naona.) Hapo alitua mahali ambapo hapakuwa kiwanja. Vijana wa kambi walifyeka miba, wakajaza mashimo ya muhanga, wakamwashia moto aone upepo unatoka wapi. Kindege kama kile kilikuwa na magurudumu 2 mbele na mkia unaoburuta nyuma. Ukitua upande kidogo, mkia unataka kupita mbele, ndege inazunguka kama pia, na bawa la nje linakwangua ardhi. Gurudumu likiingia shimoni, mguu unang'oka au ndege inapinduka kifudifudi. Na hakuna gereji. Ukivunja kilomita 300 kutoka Nairobi, unakaa hapohapo na maji uliyobeba.

Niruhusuni dakika moja ya hesabu, wasiopenda waruke aya hii. Watu hudhani ndege ndogo imeumbwa kuhimili kishindo kikubwa. Hapana. Kanuni zilizotumika kwa miaka mingi kwa ndege ndogo zilitaka miguu ihimili kugusa ardhi ikiwa inashuka kwa futi 7 hadi 10 kwa sekunde, kutegemea uzito na ukubwa wa bawa. Piga hesabu ya kudondosha: futi 10 kwa sekunde ni sawa na kuiachia ndege kutoka kama nusu mita. Urefu wa goti! Hiyo ndiyo akiba yote. Na nguvu ya kishindo haiongezeki kwa ngazi sawasawa. Ukishuka kwa kasi mara 2, nishati inakuwa mara 4. Nishati hiyo lazima iende mahali. Kwanza tairi, kisha shokapu au mguu wenyewe unaopinda, kisha bolti zinazoshika mguu, kisha fremu, kisha mhimili wa bawa, maana tenki limejaa na bawa zito linataka kuendelea kushuka wakati mwili umeshasimama. Ndiyo maana fundi mzuri akiona tairi imekwaruzika anapanda juu kuangalia mizizi ya bawa. Riveti iliyoanza kulegea huacha alama ya moshi mweusi kuizunguka. Rangi hupasuka kabla ya chuma. Bati hujikunja. Ndege haijui kusema uongo, tatizo ni daftari.

Sasa tuje mwaka 1936. John Carberry, yule mjane wa Maia, alikuwa ameagiza ndege mpya Uingereza, Percival Vega Gull, ya mbao, bawa chini, injini moja ya Gipsy Six ya nguvu ya farasi 200. Kwenye chakula cha usiku fulani alimpa Beryl changamoto: avuke Atlantiki kwa ndege hiyo, kutoka mashariki kwenda magharibi, na amrudishie kwa wakati ili iingie mashindano ya Schlesinger ya kutoka Portsmouth hadi Johannesburg. Amelia Earhart alishavuka peke yake mwaka 1932, lakini kutoka magharibi kuja mashariki, upepo unamsukuma mgongoni. Kwenda upande wa pili unaupiga upepo kichwa kwa kichwa usiku kucha. Jim Mollison alishafanya hivyo akianzia Ireland, na Beryl alitaka kuanzia Uingereza kwenyewe. Mwanamke hakuwahi kufanya hivyo peke yake.

Ndege ikaitwa The Messenger, namba yake VP-KCC, yaani ya Kenya. Mahali pa viti vya abiria pakajazwa matenki. Redio hakuna. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka kiwanja cha jeshi cha Abingdon. Aliingia kwenye mvua na mawingu karibu mara moja, na hakutoka. Matenki yalikuwa yanatumika moja baada ya jingine: injini inakufa, gizani, juu ya bahari, kisha unapapasa chini kufungua koki ya tenki linalofuata na kusubiri iwake tena. Fikiria hilo tu. Mimi gari likizimika Umgeni Road naanza kutoa jasho.

Saa zikapita 19, 20, 21. Pwani ya Kanada ikaonekana. Alikuwa kwenye tenki la mwisho, lenye mafuta ya kutosha kumfikisha mbele. Lakini tundu la hewa la tenki lilikuwa limeziba kwa barafu. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki, ni kama chupa ya soda unapoiziba kwa mdomo huku unavuta. Injini ikaanza kukohoa. Akaipandisha ndege kila ilipowaka, akateremka kila ilipozima, hadi akaiona nchi kavu ya kisiwa cha Cape Breton, mahali paitwapo Baleine. Ardhi ilionekana kijani na tambarare. Ilikuwa kinamasi chenye mawe.

Magurudumu yaligusa, yakazama, pua ikachimba, mkia ukabaki juu hewani. Yeye akagonga kichwa mbele, akapasuka kipaji cha uso. Saa 21 na dakika 25 tangu Abingdon. Akatoka mwenyewe, akatembea topeni mpaka alipokutana na wavuvi.

Kwa nini alitoka? Kwa macho ya fundi ndege ile ilikuwa imeharibika vibaya, lakini uharibifu ule ndio uliomlinda. Chukua ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 100 kwa saa. Ikisimama ndani ya mita 1, kama kwenye ukuta, mwili wako unabebeshwa karibu mara 40 ya uzito wake. Ikisimama ndani ya mita 12, tope likikatika, miguu ikikunjika, mbao za pua zikipasuka moja moja, unabebeshwa kama mara 3 tu. Kila kitu kilichovunjika mbele yake kilikuwa kinamnunulia mita. Pia hakusubiri mpaka kasi iishe akiwa hewani. Wengi injini ikizima huvuta usukani, wakitaka kuirefusha safari, bawa likaacha kubeba, na ndege ikaanguka kama jiwe. Yeye aliishusha pua, akaifuata ardhi, akatua akiwa bado ana ndege mkononi. Alizoea, maana vichaka vya Ukambani vilishamfundisha kwamba kuna siku unachagua tu kitakachovunjika.

Beryl mwenyewe aliona ameshindwa. Alitaka kufika New York, na ndege haikuwa yake. Wamarekani hawakujali, wakamchukua wakampokea New York kwa msafara wa magari na umati wa watu, akiwa na plasta usoni. Mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua.

Furaha ilidumu wiki 2. Tarehe 19 Septemba, Tom Campbell Black alikuwa ardhini kabisa, kiwanja cha Speke, Liverpool, anaiendesha ndege yake taratibu kwenda kuruka. Alikuwa anajiandaa kwa mashindano hayohayo ya Johannesburg. Ndege ya jeshi iliyokuwa inatua ikampanda. Mwalimu aliyemzuia asiende Voi akafa bila hata kuinua magurudumu.

Mashindano yenyewe yalianza Portsmouth tarehe 29 Septemba bila The Messenger. Ndege 9 zilianza. Mmoja miguu ya ndege ilimvunjikia Cairo. Wengine waliangukia njiani, mmoja hadi karibu na Ziwa Tanganyika. Max Findlay na mtu wa redio, Morgan, walikufa Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia. Iliyofika Johannesburg ni moja tu, ya Scott na Guthrie, saa 52 na dakika 56. Ilikuwa Vega Gull, dada wa ile iliyobaki na pua matopeni.

Baada ya hapo maisha ya Beryl hayana mstari ulionyooka, nami nitayapita haraka. Alikaa Marekani, akatoa kitabu mwaka 1942 chenye kumbukumbu zake za Afrika, West with the Night. Watu wamebishana miaka mingi kama aliandika mwenyewe au mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, alimwandikia. Mimi si mtu wa fasihi, ila zile kurasa za injini zimeandikwa na mtu aliyewahi kuchafuka grisi. Kitabu hakikuuza, kikasahauliwa. Akarudi Kenya, akarudi kwa farasi, akashinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Miaka ya 1960 alihamia huku Afrika Kusini na farasi wake, mambo hayakunyooka, akarudi Nairobi. Uzeeni alikuwa maskini, anakaa kijumba cha kupewa kwenye uwanja wa mbio wa Ngong. Mwaka 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, gari lake lilipigwa risasi naye akasalimika. Mwaka 1983 kitabu kikachapishwa upya Marekani na safari hii kikauzwa kweli, akapata pesa za kumalizia siku zake. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, ana miaka 83.

Nimeandika haya usiku mbili tatu, na katika usiku mmoja kuna mtu alibisha hodi. Kijana wetu mmoja, wa Afrika Mashariki, anajifunza urubani kwa pesa ambazo ukoo mzima ulichanga na shamba likauzwa. Nilimkaribisha ugali. Alikula nusu, akaona juu ya meza picha ya Vega Gull mkia juu, akaniuliza ni nini. Nikamweleza. Akanyamaza sana. Kisha akaniita kaka, akaniambia ile ndege ya Virginia ni yeye. Wiki 2 zilizopita, peke yake, upepo wa ubavuni kutoka baharini, ilidunda mara 3. Alidhani wakijua watamtoza gharama zote na nyumbani atasema nini. Tangu siku hiyo hajalala, maana wenzake wanaendelea kuirusha.

Niliogopa kumuuliza wangapi.

Jumatatu tulikwenda wote wawili. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akampa tochi na kioo cha mkono, akamwambia aingie chini ya ndege aangalie mwenyewe. Sisi tulisubiri. Alipotoka alikuwa na mafuta mashavuni, na mkononi ameshika bolti ya mguu wa kushoto. Aliiviringisha juu ya benchi la kazi. Haikuviringika sawa.